Maswali na majibu: fedha na faida ya michezo katika vyuo vikuu vya Marekani

Tunasikia vyuo vya Marekani vinavuna mabilioni kutokana na michezo. Mbona bado vinalalamika? (Msomaji, Arusha)

Vinavuna, lakini vingi havibakizi kitu. Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume yanayochezwa kila Machi huiingizia NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, karibu dola bilioni 1 kwa mwaka, na mwaka 2022 umoja wa vyuo wa Big Ten ulitia saini mikataba ya televisheni iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 7 kwa miaka saba. Hata hivyo, takwimu za NCAA yenyewe kabla ya janga la korona zilionyesha kuwa, kati ya vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza, havikufika hata 30 vilivyoingiza kuliko vilivyotumia. Fedha huishia kwenye mishahara ya makocha na ujenzi wa viwanja. Novemba 2023 Texas A&M ilimwachisha kazi kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, huku mkataba wake ukiilazimu kumlipa zaidi ya dola milioni 75. Katika vyuo vidogo pengo huzibwa kwa ruzuku ya chuo na kwa ada ya michezo inayotozwa wanafunzi wote, akiwemo binti anayesomea kemia ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani. Akiwa anasoma kwa mkopo, ada hiyo ataendelea kuilipia riba miaka mingi baada ya kuhitimu. Huo ni uonevu, na wakuu wa vyuo wanaujua.

Je, timu ikishinda, chuo hakipati waombaji wengi zaidi?

Hupata, kwa msimu mmoja au miwili. University of Chicago ilifuta timu yake ya futiboli mwaka 1939, ikakaa bila timu kwa miongo kadhaa, na heshima yake kitaaluma haikupungua.

Ni kweli kwamba sasa wachezaji wanalipwa?

Ni kweli. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu Julai 1, 2025, kufuatia suluhu, iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken, ya kesi ambayo mwogeleaji Grant House na wenzake waliishtaki NCAA, chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake fedha moja kwa moja hadi kikomo cha mwaka, ambacho kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiliwekwa kuwa takriban dola milioni 20.5. Ninaunga mkono malipo hayo, kwa kuwa jasho ni lao. Ninachohofia ni mgawo wenyewe, kwani sehemu kubwa huelekezwa kwenye futiboli na kikapu cha wanaume, na bajeti inapobana, michezo isiyouza tiketi ndiyo huanza kukatwa. Mwaka 2020 Stanford, chuo chenye utajiri mkubwa, ilitangaza kufuta michezo 11, na ilirudi nyuma mwaka uliofuata baada ya wanamichezo na wahitimu kupinga vikali. Riadha nayo haiuzi tiketi nyingi, na ndiyo njia waliyopitia vijana wetu wengi.

Mwanafunzi wa kigeni naye anaweza kupokea fedha hizo?

Viza ya mwanafunzi inabana sana kazi za malipo. Asitie saini chochote kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji.

Mwanangu anakimbia vizuri. Ufadhili ni wa bure kabisa? (Mzazi, Iten)

Mama, swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado linaletwa na watu ambao hawajaifungua barua waliyotumiwa na chuo. Isome mstari kwa mstari: ada, bweni, chakula, vitabu, bima. Kisichotajwa utakilipa wewe. Angalia pia kama ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo, na ulizia unakuwaje akiumia. Vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa ufadhili wa michezo.

Afrika Mashariki imenufaika na nini?

Wengi watamtaja Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Wengine watamtaja Hasheem Thabeet, aliyetoka Connecticut mwaka 2009 na kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Mimi humtaja kwanza Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, aliyesoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, kisha akarudi kufundisha Kenyatta University. Mbio zake zilikwisha, elimu ikabaki, na wanafunzi wengi wakafaidika nayo. Suleiman Nyambui naye alisoma El Paso, Texas, akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, na baadaye akawa katibu mkuu wa chama cha riadha Tanzania. Chuo kinachomtoa mwanariadha na medali bila shahada kimemtumia tu, na mzazi ana haki ya kumuuliza kocha, kabla ya kijana kupanda ndege, wangapi kati ya wakimbiaji wake walihitimu.

Wakala anadai alipwe akimpatia kijana wangu ufadhili. Nimlipe?

Usimlipe. Kanuni za NCAA zinakataza malipo ya namna hiyo, na kijana anaweza kupoteza sifa ya kushindana. Anwani za makocha zipo kwenye tovuti za vyuo. Aandike mwenyewe, aambatishe muda wake wa mbio na matokeo ya mtihani wa kidato cha nne.