Mnataka kufanya sherehe ya mtaa siku ya mechi kubwa hapa Lamu? Someni hii kwanza

Vijana wa mitaa tofauti hapa Amu wananiuliza sana kuhusu AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, ile Kenya, Uganda na Tanzania tumepewa tuandae pamoja, wanataka kuweka skrini kubwa mtaani, muziki, vyakula, watu wajae. Mimi naunga mkono mia kwa mia. Huku hatuna uwanja kama Kasarani wa Nairobi, kwenda Nairobi ni safari ya siku nzima na nauli si mchezo, basi mpira tuulete barazani kwetu. Nilikuwa kwenye kamati ya sherehe ya mtaa wetu wakati wa CHAN Agosti 2025 (yale mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu) kwa hivyo haya nayosema nimeyaona kwa macho.

Kubwa kabisa ni hili: pangeni sherehe kama vile hakuna mechi. Mechi ni dakika 90, mtu anakuja na watoto saa nane mchana na mwataka akae mpaka usiku, sasa hizo saa zingine zote atafanya nini? Na timu ikifungwa je? Kamati nyingi mara ya kwanza wanazungumzia projekta na spika tu, na ukiangalia waliokaa kwenye kikao wote ni wavulana wa timu ya mpira. Wavulana ni muhimu, nguvu ndio wao, lakini wanaojua kukaribisha watu mia tatu, mia nne wakala wakatosheka wakarudi kwao salama ni wale mama zetu wanaosimamia harusi. Fikirieni tu, kila mtaa Lamu tayari una sufuria kubwa, masinia, majamvi, mtu anayejua mchele kiasi gani kwa watu wangapi, mtu anayejua nani hazungumzi na nani wasiwekwe pamoja. Hiyo kamati ipo, haihitaji kuundwa. Waendeeni kwa adabu mapema, si wiki ya mwisho mnaenda kuwaambia "mama tusaidieni kupika", la, wakae kwenye kikao cha kwanza na wawe na sauti kwenye pesa.

Kwetu bi mmoja mtu mzima alituuliza swali ambalo lilibadilisha mpango mzima, alisema "Wanangu, nyinyi mna skrini yenu, na sisi mumetuwekea nini?" Tukawa kimya. Hapo ndipo ikaingia vugo, ile ngoma ya kina mama ya harusini, ikawekwa sehemu ya kina mama yenye mikeka na taa ya kutosha na njia yao ya kuingilia isiyopita katikati ya wanaume, na alasiri ikawa ya watoto, kuvuta kamba, kukimbia na ndimu kwenye kijiko, wazee wakapangiwa mashindano ya bao chini ya miti pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Na kirumbizi pia, ile ngoma ya kuchezea fimbo, maana vijana wa sasa wengi wanaiona siku za Maulidi na harusi tu.

Na faida yake tuliiona ile Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, robo fainali ya CHAN, Kenya na Madagascar. Omija katufungia goli kwa kichwa mapema kipindi cha pili, mtaa mzima juu, halafu wakasawazisha kwa penalti, ikaenda mpaka mikwaju tukatoka. Wallahi ule ukimya ulikuwa mzito. Lakini kina mama walikuwa na vugo lao limepangwa baada ya mechi, wakaanza, na vyakula vilikuwa bado viko motoni, basi watu walikaa. Wauzaji waliuza. Watoto walicheza. Sehemu zingine ambako kulikuwa na skrini peke yake watu waliinuka dakika ile ile wakaenda kulala, na mama aliyekaanga viazi karai tangu mchana akabaki navyo. Hilo la wauzaji ndilo linaniuma zaidi kwa sababu wengi wao mtaji ni wa kukopa kwenye chama, ukimwambia mtu alete bidhaa kwenye sherehe yako una jukumu la kuhakikisha wanunuzi watakuwepo hata tukifungwa.

Sasa saa. Hapa ndipo watu wa kutoka nje wakija kutusaidia hawaelewi kabisa. Ratiba ya mechi inapangwa mbali huko, lakini ratiba ya mtaa ni adhana. Mechi ya Jumapili saa tisa mchana, mapumziko yanaangukia karibu kabisa na Alasiri, hiyo ni bahati, itumieni. Siku Kenya ilipocheza na Morocco kwenye CHAN hiyo hiyo, Ogam wetu alifunga dakika ya 42, kisha Erambo akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, watu presha juu tumebaki kumi, lakini spika ikazimwa, watu wakaenda wakaswali wakarudi, tukashinda 1-0 na hakuna mtu aliyekasirika na mwenzake. Mechi ya saa moja usiku ndio ngumu, manake Maghribi imetoka tu na Isha inaingia katikati ya kipindi cha kwanza. Kaeni na imamu kabla, mwonyesheni ratiba yote ya mashindano kwenye karatasi, mkubaliane nani anazima sauti na kwa dakika ngapi, picha ibaki au izimwe. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja anayejulikana, mwenye saa na mwenye heshima, asiwe ni yule yule anayeshughulika na king'amuzi maana goli likikaribia atasahau.

Kombe la Dunia la 2026 nalo ni hadithi nyingine. Juni 11 mpaka Julai 19, timu 48, mechi 104, Marekani, Kanada na Meksiko, tofauti ya saa inafanya mechi nyingi huku kwetu ziwe saa nne usiku, saa saba, nyingine mpaka saa kumi alfajiri. Mimi kwa Kombe la Dunia siwezi kumshauri mtu aweke skrini barabarani usiku wa manane, nyumba zetu zimebanana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, kuna wagonjwa, kuna watoto wachanga, kuna wavuvi wanaamka alfajiri. Fanyeni sherehe alasiri mpaka baada ya Isha, watoto wacheze mechi zao za mtaani, chakula kiuzwe, na wanaotaka mechi yenyewe waende ukumbini ndani milango ifungwe. Fainali ya saa nne usiku labda, moja tu, na mkiwaomba majirani mapema hawatakataa.

Upepo jamani. Juni mpaka Agosti ni kusi, na skrini ya kitambaa mkiitandaza forodhani bila kufikiria inageuka tanga la jahazi. Iwekeni imeegemea jengo linalokinga upande wa kusini, na msitoboe kuta wala kugonga misumari kwenye nyumba za kale, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, Mji wa Kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na plasta ikimeguka hairudi kirahisi. Tumieni boriti na kamba, mafundi wa mashua watawafungia kitu hakitingishiki. Kama mnataka kutumia eneo la mbele ya ngome ongeeni na watu wa Makumbusho mapema. Waya za stima zipite juu, si chini, kwa sababu punda. Punda wa maji na mchanga hawana likizo siku ya mechi, wenyewe wanatafuta riziki, muwaachie njia moja wazi na muwaambie wenye punda ni ipi, na hiyo hiyo ndio itakuwa njia ya kumpitishia mgonjwa usiku.

Kisha maji. Mkialika watu wa Shela, Matondoni, Kipungani, angalieni mwezi kabla ya kuandika saa ya kumaliza. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji yanajaa mida ya saa kumi, kumi na moja jioni halafu yanakupwa saa nne, saa tano usiku, kwa hivyo wageni wanakuja na maji mengi, raha mustarehe, wakitaka kurudi wanakuta boti imekaa kwenye matope. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndio siku za kuwa makini, basi wageni wa mbali waondoke mapema au muwatayarishie mahali pa kulala. Nahodha azungumziwe kabla na apewe pesa yake kabla, maboya ya kuvaa yahesabiwe kulingana na watu, kusi la usiku si la kuchezea.

Vibali sitasema sana. Chifu, kaunti kwa ajili ya eneo na kelele, na OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya Public Order Act inataka notisi ya mkutano wa hadhara ifike kituoni si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, pelekeni nakala mbili mgongewe muhuri moja mbaki nayo. Muziki wa kurekodiwa una leseni yake, vugo na kirumbizi za live ni nafuu zaidi hata kwa hilo. Na muwe waangalifu na mabango, msiweke nembo za CAF (shirikisho la mpira Afrika) au FIFA (la dunia) wala msiite sherehe yenu kwa jina la mashindano yao, hayo majina yana wenyewe. Iiteni kwa jina la mtaa. Mkitoza kiingilio kwenye skrini au kampuni ikawadhamini mechi, hapo mmeshafanya biashara na haki za matangazo zinaingia, afadhali kiingilio kiwe bure na wauzaji wachangie kidogo kila meza.

Jenereta iwepo hata kama stima haijapotea mwezi mzima, na mafuta yanunuliwe siku moja kabla. Msitegemee kuonyesha mechi kwa intaneti, inachelewa, jirani mwenye redio atapiga kelele za goli nyinyi bado mnaona mpira uko katikati ya uwanja, watu wanavunjika moyo kabisa.

Mwisho pesa. Pesa zote zipite kwenye laini moja ya M-Pesa ya mtu mnaomwamini, mwandishi awe mwingine, na kesho yake baada ya Alasiri hesabu isomwe barazani kwa sauti, zilizoingia, zilizotoka, sinia ya nani imepotea inalipwaje. Waiteni hata wale waliopinga sherehe. Baada ya hapo ndio mzungumzie mechi ijayo.