Video za hadithi ndani ya gemu la mtandaoni: anza na ishara za wahusika, programu baadaye

Mkuu, umeuliza ununue programu gani ili uanze kutengeneza video fupi za hadithi ndani ya gemu la mtandaoni la World of Warcraft, na kama kompyuta yako itatosha. Kama gemu linacheza bila kukwama na bado kompyuta ina nafasi ya kurekodi, inatosha. Programu usinunue hata moja. OBS ya kurekodi, DaVinci Resolve ya kuhariri na Audacity ya sauti zote zinapatikana bure, na mimi hadi leo natumia hizo hizo. Nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo wengi wanaliruka, nalo ni kumfanya mhusika aigize.

Fani hii inaitwa machinima, na mizizi yake iko kwa wachezaji wa Quake, gemu la kupigana risasi, mwaka 1996. Wao walikuwa na nafuu kubwa: Quake lilihifadhi mchezo kama faili la demo, yaani kumbukumbu ya mienendo ya wahusika badala ya picha, na kwa zana za kuhariri demo kamera iliweza kuhamishwa hata tukio likiwa limeshapita. Sisi wa magemu ya mtandaoni hatuna nafuu hiyo. Tunarekodi skrini, wahusika wakiwa ndani ya seva wakati huo huo. Pembe ya kamera ikiwa mbaya, wote mnarudia.

Kwa hiyo usianze na hadithi. Anza kwa kujua mwili wa mhusika wako unaweza kufanya nini. Mpeleke mahali patulivu, uandike amri za ishara kwenye kisanduku cha maongezi cha gemu, moja baada ya nyingine: /cry, /kneel, /point, /bow, /laugh. Zitazame kwa pembe ya mbele, ya ubavuni na ya mgongoni. Kilio cha orc si kilio cha gnome (hizo ni jamii mbili za wahusika), na wa kiume na wa kike wa jamii moja wanatofautiana pia. Andika pembeni kila ishara inaanzia wapi na inaishia wapi, maana huko kwenye miisho ndiko utakakokata wakati wa kuhariri.

Halafu kuna hili ambalo nalipenda sana. Mhusika akisema kitu kwa /say, amri ya kuongea na walio karibu, mwili wake unacheza kama mtu anayeongea. Sentensi ikiishia na alama ya kuuliza, anafanya ishara ya mtu anayeuliza. Ikiishia na alama ya mshangao, anatia msisitizo. Zima viputo vya maneno kwenye mipangilio, na hapo mwigizaji anaweza kuandika herufi zozote alimradi alama ya mwisho iwe sahihi. Sauti halisi utaiweka baadaye.

Sasa tazama hadithi inavyozaliwa kutoka kwenye hizo ishara. Nilitaka kumalizia tukio moja kwa ndugu wawili kukumbatiana baada ya ugomvi. Amri ya /hug ipo, lakini inatoa maandishi tu, miili haisogei. Tukafanya hivi: mdogo anapiga magoti, kamera iko chini usawa wa ardhi, miguu ya kaka inaingia taratibu kwenye picha na kusimama. Nikakata. Picha inayofuata imepigwa kutoka mbali, nyuma ya kaka, wamesimama karibu kiasi kwamba mdogo amezibwa karibu wote na mgongo wa kaka. Hakuna aliyemgusa mwenzake, lakini kila niliyemwonyesha alisema amewaona wakikumbatiana. Ukweli ni kwamba mkumbatio wenyewe ungekuwepo, ningeutumia kivivu na tukio lingekuwa jepesi.

Kamera ni mchezaji mmoja aliyejitolea kutoonekana. Sogeza mtazamo ndani kabisa mpaka mwili wako upotee, ficha vibao vyote vya skrini kwa Alt+Z, badilisha mwendo kuwa wa kutembea, na ugeuke kwa vitufe badala ya kipanya, kwa sababu vitufe vinageuza kwa kasi moja, ilhali mkono ulioshika kipanya unatetemeka. Ukihitaji picha ya juu, panda mnyama anayeruka. Wahusika wawili wakiongea, chora mstari wa kufikirika kati yao na ubaki upande mmoja. Ukiuvuka, mtazamaji atadhani wamebadilishana nafasi.

Mwanga nao usiusahau. Kwenye World of Warcraft mchana na usiku hufuata saa ya seva, hivyo tukio la usiku linapigwa usiku, na lisipokamilika mnarudi kesho saa ile ile. Final Fantasy XIV, gemu jingine la mtandaoni, ina siku ya dakika 70 za kawaida. Pale jua linakimbia, na ukirudia tukio mara nyingi vivuli havitalingana tena.

Kwenye sauti, zima muziki wa gemu ila acha upepo, maji na nyayo. Muziki ukiachwa, kila unapokata utasikika ukiruka. Mazungumzo yarekodini kabla ya picha, kisha waigizaji wayasikilize wakati wa kupiga ili ishara ziangukie kwenye neno. Na kwenye OBS hifadhi kwa MKV, ambayo ni aina ya faili la video; kompyuta ikizima ghafla faili halifi lote, na kuligeuza kuwa MP4 ni kazi ya sekunde chache ndani ya OBS hiyo hiyo.

Kuhusu ruhusa: Blizzard, kampuni ya World of Warcraft, walitoa barua mwaka 2007 wakiruhusu kazi za namna hii zisizo za biashara, kwa masharti. Soma masharti ya sasa ya gemu lako kabla ya kufikiria pesa, na nyimbo za watu usizitumie bila leseni.

Kwa kazi ya kwanza chukua wahusika wawili, mahali pamoja, chini ya dakika moja, bila vita. Mmoja anataka kitu, mwenzake hataki kukitoa. Orodhesha ishara tano ulizozipenda, kisha utafute ugomvi unaozihitaji zote tano.