Kabla Hujanunua Semi, Hesabu Siku

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia. Kiinua mgongo cha mzee wake kimetoka, familia imekaa kikao, wamekubaliana wanunue semi moja, lori la kichwa na tela, iingie njia ya Congo. Hesabu ameshapiga: chukua nauli ya tripu, toa mafuta, toa posho ya dereva, zidisha mara mbili kwa mwezi, ndani ya miaka miwili gari limerudisha fedha yake. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, tununue gari la aina gani?"

Ujumbe wake ulinikuta nje ya benki, siku niliyomaliza rejesho la mwisho la gari langu la tatu. Nilikuwa nimeshika ile barua ya benki kama mtoto aliyeshika cheti. Nilipofika kwenye "mara mbili kwa mwezi" furaha ikanitoka. Hiyo ilikuwa hesabu yangu ya mwaka 2021, vilevile ilivyo.

Mdogo wangu, na wengine wote mnaoniuliza habari za magari, nivumilieni niwasimulie.

Nilifanya kazi miaka sita kwa wakala wa forodha hapa Dar. Mizigo ya Zambia, Congo, Malawi, Rwanda na Burundi ilipita mezani kwangu kila siku, nikajiaminisha kwamba biashara hii naijua. Nilikuwa naijua kwa karatasi tu. Nikachukua mkopo, nikaongeza na fedha ya baba mdogo, nikanunua semi iliyotumika, ekseli tatu za kichwa na tatu za tela. Mzigo wa kwanza ulikuwa mifuko 600 ya mbolea, tani 30, kutoka Dar kwenda Lubumbashi, karibu kilomita 2,000.

Gari halikufika hata Morogoro. Saa mbili usiku dereva akanipigia akiwa mizani ya Vigwaza. "Bosi, tumezidi." Nikamwambia haiwezekani, gari zima lina tani 48 na kidogo na gari la namna ile linaruhusiwa 50. Akanijibu kwa upole, "Jumla iko sawa, bosi. Zilizozidi ni ekseli za kusukuma, zile mbili za nyuma ya kichwa."

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza 2019. Kikomo cha juu cha gari lolote ni tani 56, lakini kila kundi la ekseli lina kikomo chake pia: ya usukani tani 8, mbili za kusukuma tani 18, tatu za tela tani 24. Zangu za kusukuma zilisoma 19.6. Hata ile asilimia 5 ya kuvumiliwa nilikuwa nimeshaipita. Ghalani walirundika mifuko upande wa mbele wa tela, unaolalia kichwa, nyuma ya tela pakabaki wazi. Nami nilikuwepo wakati wa kupakia, nimesimama nahesabu mifuko isije ikaibwa. Jinsi ilivyokaa sikuangalia.

Nikapanda basi usiku ule ule. Vibarua wanne walifungua turubai, wakahamisha mifuko 40 kutoka mbele kwenda nyuma, mmoja mmoja begani, mimi nimewashikia tochi. Mfuko mmoja ulipasuka na mbolea ikawamwagikia shingoni kwenye jasho. Harufu ile bado naikumbuka. Nikalipa tozo, nikalipa vibarua. Siku mbili zikawa zimekwenda, na Chalinze hatujaiona.

Baada ya hapo Kitonga ikapandwa, Tunduma ikavukwa, Zambia ikapitwa bila tatizo. Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, ndipo niliposimama.

Wakala wa mwenye mzigo alikuwa hajakamilisha FERI, hati ambayo mzigo unaoingia Congo ni lazima uwe nayo. Kila mmoja alimtupia mwenzake, simu zikawa hazipokelewi. Mimi niliyeshika karatasi miaka sita sikuwa nimeuliza swali hilo kabla gari halijaondoka Dar! Gari likalala upande wa Zambia siku 23.

Siku ya kumi na moja dereva alipiga simu kwamba posho imekwisha. Nilimfokea. Nilimwambia ameuza mafuta yangu, na maneno mengine ambayo siyarudii hapa. Aliporudi Dar aliweka mezani daftari dogo la shule. Ndani yake kulikuwa na kila sahani ya nshima, ugali wa Zambia, aliyokula kwa mkopo, tarehe na bei, na kipimo cha mafuta cha kila asubuhi. Hakuna lita iliyopotea. Usiku alikuwa analala chini ya tela ili mifuko isiguswe. Mwezi uliofuata akaacha kazi. Namba yake ninayo mpaka leo. Nikipiga hapokei.

Tripu ile ilichukua siku 51 kutoka geti mpaka geti. Rejesho langu lilikuwa shilingi 4,200,000 kwa mwezi, na benki haijui foleni. Miezi minane baadaye gari likauzwa kufidia deni, na kwenye msiba wa bibi baba mdogo alisema mbele ya watu, "Fedha za watu si za kujifunzia biashara." Fedha yake nimeshamlipa yote. Lile neno bado linanichoma.

Miaka ya kurudi kuajiriwa na kujibana naiacha. Nilichorudi nacho kwenye gari la pili ni daftari, kama la yule dereva. Kila gari lina kurasa zake: siku za kupakia, siku za kutembea, siku za kusimama na sababu ya kusimama. Rejesho, bima, vibali na mshahara vinaliwa kila siku, gari liwe linatembea au limelala. Vijumlishe, vigawe kwa siku, ndipo utajua gari lako likisimama linakula shilingi ngapi. Nauli nono inayokuweka njiani siku 40 nimeikataa mara nyingi, nikachukua ndogo inayorudi kwa siku 18. Watu walinicheka. Hao hao sasa wananiuliza nimewezaje.

Gari langu haliondoki ghalani kabla sijaona nyaraka zote kwa macho yangu, FERI ikiwemo. "Inakuja jioni" siipokei. Kwenye mkataba naandika siku za bure za kushusha, kisha malipo ya kila siku gari linapolala kwa kosa la mwenye mzigo. Anayekataa kusaini hapo ameshaniambia ana mpango gani na siku zangu. Wakati wa kurudi, shaba ya Congo inalipa, lakini nasubiri siku tano tu. Ya sita gari linatafuta mzigo mwingine, hata kama ni wa njiani. Na posho ya dereva iwe na akiba ya foleni. Mtu mwenye njaa mpakani usimpigie kelele kwenye simu.

Vijana, tunapenda sana kuzungumzia vichwa vya magari, rangi na maandishi ya ubavuni. Tunafurahia lami, vituo vya pamoja mpakani, na habari za kuifufua reli ya TAZARA na kilomita zake 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Vyote ni vyema. Ila reli ikisimama sawasawa itachukua mizigo mizito ya masafa marefu, na hatabaki barabarani mwenye gari asiyejua siku zake zinakwenda wapi. Acheni kuulizana bei ya tripu. Ulizaneni siku.

Kwa hiyo, mdogo wangu, aina ya gari sikutajii. Panda basi uende Tunduma, kutoka hapo Mbeya si mbali. Kaa siku tatu. Wakati wa kula kaa na madereva wanaorudi, muulize kila mmoja alipakia Dar tarehe ngapi, alishusha tarehe ngapi, na alisimama wapi. Ziandike tarehe hizo unitumie. Mzee wako asisaini chochote mpaka nimeziona.