Siku Mbili na Mama Katika Vijiji vya Jylland

Swali la juma hili lilikuwa: ni safari gani fupi ya familia ambayo ungekubali kuirudia kwa njia ileile, na kwa sababu gani? Mimi ningeirudia safari ya siku mbili tuliyoifanya mwishoni mwa mwezi wa Juni kutoka Odense, mji tunaoishi katika kisiwa cha Fyn nchini Denmark, hadi magharibi ya Jylland, ile rasi kubwa ya Denmark iliyoungana na bara, na kurudi. Tulikuwa watu watano katika gari moja: mume wangu, ambaye ni Mdenmark mzaliwa wa Fyn, watoto wetu wawili, mimi, na mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro.

Majuma mawili ya mwanzo tulimtembeza Mama kama wageni wengi wanavyotembezwa. Tulimpeleka Copenhagen akaona kasri la kifalme na sanamu ya nguva iliyokaa juu ya jiwe kando ya bahari tangu mwaka 1913. Alishukuru kila mahali, lakini nilimwona akitazama kama mtu anayengojea jambo ambalo halijaanza. Jioni moja, tukiwa mezani, akasema, "Mwanangu, mmenionyesha nyumba za wafalme, Mungu awabariki. Sasa nionyesheni mfugaji wa huku anaishije." Mama amefuga ng'ombe wa maziwa kwa zaidi ya miaka arobaini, amewakatia majani ya tembo kwa mkono wake, na ni mwanachama wa kikundi cha kina mama wanaokusanya maziwa na kuyauza kwa pamoja. Mume wangu alinyamaza kidogo, akaleta ramani, akaanza kuchora njia ambayo hata yeye hakuwahi kuipita yote. Naamini safari yetu ilifaulu kwa sababu hiyo: tuliipanga kwa kufuata kazi aliyoifanya mzee wetu maishani mwake, tukaacha orodha za vivutio.

Tuliondoka asubuhi, tukavuka mlangobahari wa Lillebælt kwa daraja la zamani la mwaka 1935, ambalo treni na magari hulipita kwa pamoja, badala ya daraja jipya la mwaka 1970 linalobeba barabara kuu. Baada ya hapo tuliacha barabara kubwa kila ilipowezekana, tukafuata vibao vya rangi ya kahawia vyenye ua jeupe, ambavyo tangu mwaka 1991 huonyesha njia ndogo zenye mandhari nzuri kote nchini. Watoto walipewa kazi ya kuvitafuta.

Mama alikaa mbele. Alitazama shayiri, viazi, malisho, kisha shayiri tena, na baada ya mwendo wa karibu saa nzima akauliza swali lililonishtua, kwa kuwa nimeishi huku miaka kumi na moja bila kujiuliza: "Watu wako wapi?" Kwetu Uchaggani huwezi kupita shamba bila kumwona mtu ndani yake, akipalilia, akibeba mzigo au akikusalimia. Huku tulipita mashamba yaliyotunzwa kama bustani, mistari imenyooka na ua umekatwa vizuri, na hapakuwa na mwanadamu. Mume wangu alimweleza kwamba shamba ambalo babu yake alililima pamoja na familia na vibarua sasa linalimwa na mtu mmoja mwenye trekta, pamoja na mashamba ya majirani wanne. Mama alisema, "Basi ana chakula kingi na hana wa kuzungumza naye." Sikuwa na jibu, na hadi leo ninapopita vijijini nalikumbuka neno hilo.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Jelling, kijiji kilichoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Hapo pana vichuguu viwili vikubwa vilivyojengwa na watu, kanisa jeupe katikati, na mbele ya kanisa mawe mawili yaliyochongwa maandishi ya kale, ambayo tangu mwaka 2011 yamefunikwa kwa vioo ili mvua na baridi visiyale. Jiwe dogo lilisimamishwa na mfalme Gorm kwa kumbukumbu ya mkewe Thyra, na ndilo lililo na jina la Denmark kwa mara ya kwanza ndani ya nchi yenyewe. Jiwe kubwa lilisimamishwa na mwanawe Harald, mnamo mwaka 965 hivi, kwa kumbukumbu ya baba na mama yake, na humo anasema kwamba aliitwaa Denmark yote na Norway na kuwafanya watu wake Wakristo. Watoto walifurahia kujua kwamba teknolojia ya Bluetooth iliyo katika simu zetu ilipewa jina la utani la mfalme huyo, na kwamba alama yake imeunganishwa kutokana na herufi zake mbili za kale. Mama, ambaye ni mjane, alisimama muda mrefu zaidi mbele ya lile jiwe dogo. Kisha akayazunguka makaburi ya wanakijiji, ambayo kila moja limezungushiwa ua mfupi na kupandwa maua, akasema kwamba watu wanaowatunza wafu wao namna hii hawawezi kuwa wageni kabisa kwake, ingawa kwetu marehemu huzikwa kihambani, karibu na migomba na walio hai.

Mchana tulifika Hjedding, karibu na mji mdogo wa Ølgod. Ni mahali ambapo wageni wengi wa Denmark hawapajui, nami ningependa wasomaji wa jarida hili wapajue, kwa maana hapo ndipo ushirika wa kwanza wa maziwa nchini ulipoanza kazi mwaka 1882. Jengo ni dogo, limehifadhiwa kama makumbusho, na mume wangu alikuwa amepiga simu mapema ili tupate wa kutufungulia. Katika miaka ya 1870 nafaka rahisi kutoka Marekani na Urusi ilikuwa imefika Ulaya kwa wingi kwa njia ya reli na meli za mvuke, na bei ya nafaka ya mkulima wa Denmark ikaanguka. Wakulima waliona ni heri kuwalisha mifugo nafaka hiyo na kuuza siagi Uingereza. Lakini mtu mwenye ng'ombe watatu hakuweza kutengeneza siagi ya ubora mmoja kila juma. Aliyeweza ni mwenye shamba kubwa. Mashine ya kutenganisha malai na maziwa kwa kuzungusha, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870, ilifungua mlango, kwa sababu maziwa ya nyumba nyingi yaliweza kuchanganywa na kushughulikiwa siku hiyohiyo. Hivyo majirani walikopa fedha kwa pamoja, kila mmoja akidhamini deni la wote, wakajenga kiwanda chao. Gari la farasi lilipita nyumba kwa nyumba kukusanya maziwa, siagi ikaenda kuuzwa, na yale maziwa yaliyoondolewa malai yakarudishwa kwa mkulima awalishe nguruwe, ambao nao waliuzwa Uingereza. Kabla karne haijaisha, ushirika wa namna hiyo ulikuwa umeenea karibu kila kijiji.

Nilikuwa nikimtafsiria Mama, lakini ilifika mahali akawa ananitangulia. Aliuliza maziwa yalipimwaje, nani alimpima mwenye kutia maji, malipo yalitoka kila juma au kila mwezi, na nani aliweka vitabu. Mzee aliyetutembeza alizidi kuchangamka kwa kila swali. Hatimaye Mama aliuliza jambo ambalo baadaye nilifahamu ndilo lililokuwa moyoni mwake: mwenye ng'ombe wengi alikuwa na kura ngapi? Mume wangu hakungoja mzee ajibu, kwani msemo huo kila mtoto wa mkulima wa Denmark ameusikia: kura huhesabiwa kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe. Kwa Kidenmark maneno mawili ya "vichwa" na "ng'ombe" yanafanana sana kwa sauti, na ndiyo maana msemo umedumu. Mama alinitaka niuandike kwa Kiswahili na Kidenmark katika daftari lake la maziwa, ambalo sikujua kwamba alikuwa amelibeba kutoka nyumbani. Ndipo aliponieleza kwamba katika kikundi chao kulikuwa na hoja kwamba wanachama wenye ng'ombe wengi wapewe sauti kubwa zaidi, na yeye, mwenye ng'ombe wawili na ndama, hakuwa amepata maneno ya kuipinga.

Usiku tulilala kwa wazee wawili waliostaafu ufugaji, ambao hupangisha vyumba katika nyumba yao ya shambani. Jirani yao bado anafuga, naye alikubali tuingie katika zizi lake baada ya chakula cha jioni. Saa nne ilikuwa imepita na bado palikuwa na mwanga. Ng'ombe walikuwa zaidi ya mia mbili, wengi wao weusi wenye mabaka meupe kama wale wa kisasa wa kwetu, na wote walikamuliwa na mashine: ng'ombe huingia mwenyewe anapotaka, kola yake inasomwa, mkono wa chuma unasafisha chuchu na kuzitafuta kwa mwanga, naye anakula mpaka amalize kukamuliwa. Mama alisimama hapo karibu nusu saa. Aliyasifu maji safi, sakafu na afya ya kwato. Jambo la ndama kutengwa na mama zao mapema halikumpendeza, akalisema wazi, nami nikalitafsiri bila kulipunguza kwa kuwa ninakubaliana naye. Mfugaji alisikiliza kwa heshima. Kisha akamwuliza Mama ana ng'ombe wangapi. Alipoambiwa ni wawili hakutabasamu kwa dharau, bali aliuliza majina yao. Mama akasema, "Neema na Sikujua." Yule bwana akayarudia majina hayo mara mbili kwa uangalifu, akakiri kwamba wa kwake wana namba, ila wachache, ambao yeye na mkewe wamewapa majina kwa siri. Wakaendelea kuzungumza juu ya ugonjwa wa kiwele hadi watoto wakalala juu ya marobota ya majani makavu.

Siku ya pili tulipita Ribe, mji mkongwe kuliko yote ya Denmark, tukala chakula cha mchana kando ya kanisa kuu, tukaendelea. Nilikuwa na haraka ya kufika Rødding. Hapo, mwaka 1844, ilifunguliwa shule ya kwanza ya watu wazima ya aina iliyofikiriwa na mchungaji na mshairi Grundtvig: shule ya vijana wa vijijini, isiyo na mitihani, yenye historia, nyimbo na mazungumzo, ikifundisha kwa lugha ya watu wenyewe. Mahali hapo hapakuchaguliwa bure, kwa maana ndipo Kidenmark na Kijerumani vilipokuwa vikigombea watu. Baada ya Denmark kushindwa katika vita vya mwaka 1864 eneo hilo likawa chini ya Prussia, dola ya Wajerumani, na mwaka uliofuata kazi ya shule ikahamishiwa Askov, upande wa pili wa mpaka mpya. Rødding ilirudi Denmark mwaka 1920.

Nilimweleza Mama haya yote tukiwa nje ya shule, kwa sababu yeye mwenyewe alisoma ushonaji na ufugaji katika chuo cha maendeleo ya wananchi mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyuo hivyo Tanzania ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa shule hizi za nchi za Kaskazini, na mfano wenyewe ulianzia kwenye kiwanja tulichokuwa tumesimama. Mama aliniuliza kama nina hakika. Nilipomwambia ninayo, alivua kitambaa kichwani, akakifunga upya vizuri, akaomba apigwe picha peke yake mbele ya jengo. Alisema kwamba chuoni walifundishwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na kwamba hapo ndipo alipojua kwamba mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kusimama na kuzungumza mbele ya watu.

Askov ilikuwa njiani, na ilikuwa zamu ya watoto kufurahi. Walikuwa wamehesabu mitambo ya upepo tangu jana hadi hesabu ikawapotea, na hapo waliambiwa kwamba mwalimu wa shule hiyo, Poul la Cour, alijenga mwaka 1891 kinu cha upepo cha majaribio cha kuzalisha umeme, akawafundisha vijana wa vijijini kazi ya umeme. Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo. Mwanangu wa kiume alitaka kujua kama upepo wa Hai unatosha, na Bibi yake akamwahidi kwamba wataupima pamoja.

Tulifika nyumbani jioni, na juma lililofuata Mama alirudi Tanzania. Mwezi wa Septemba alinipigia simu usiku, baada ya mkutano mkuu wa kikundi chao. Hoja ya kura ililetwa. Mama aliomba nafasi, akafungua daftari, akasoma msemo wa Hjedding kwa Kiswahili, kisha, kwa kuwa baadhi walidhani ameutunga mwenyewe, akausoma kwa Kidenmark kama alivyoweza. Hoja ilikataliwa, na kila mwanachama amebaki na kura moja. Sasa Mama anataka nimtafute yule mfugaji wa Jylland, nimwulize wale ng'ombe aliowapa majina kwa siri wanaitwa nani.