Maswali yenu: fukusi, panya na vidonge vya gesi

Mavuno yameshaingia ndani na maswali ya wadudu yamekuwa mengi. Leo najibu machache, na moja nitalikalia kwa muda kwa sababu ni la uhai wa watu.

Nilinunua mchele kilo 20, nikaumimina kwenye ndoo safi na kufunika vizuri. Baada ya wiki tano fukusi wamejaa. Wamepitia wapi? (Mama wa Tabata)

Hawakupitia popote, ulikuja nao kutoka dukani. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute wake. Macho hayaoni kitu. Kwa joto la Dar, mwezi mmoja na ushee unatosha yai kuwa fukusi anayetembea. Pepeta, osha, pika; mchele huo si sumu. Siku nyingine ukiwa na friza, uweke humo siku nne kwanza ndipo uumimine kwenye ndoo. Usiuanike juani muda mrefu, utakatikakatika. Na acheni kumimina mchele mpya juu ya uliobaki! Ndoo ikiisha, ioshe, ikaushe kabisa, ndipo ujaze.

Dawa gani nzuri ya kuweka kwenye unga? (Wengi)

Hakuna. Nimelijibu hili kila msimu na bado linaletwa. Unga hautiwi dawa ya wadudu ya aina yoyote. Nunua dona la wiki mbili, si la miezi miwili, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na huchacha.

Stoo imejaa, kwa hiyo magunia matatu ya mahindi nimeyaweka chumba wanacholala watoto. Nimeshauriwa niweke kidonge kimoja cha gesi kila gunia. Kitatosha? (Baba wa Kahama)

Baba, usiweke hata kimoja. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu wa hewani hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haimchagui dumuzi, mdudu anayebungua mahindi, ikamwacha mtoto. Hupenya kwenye nyuzi za gunia, chini ya mlango, kwenye nyufa za ukuta, mpaka chumba cha jirani. Haina dawa ya kuizima mwilini. Daktari anachoweza ni kumsaidia mgonjwa apumue na moyo uendelee kupiga. Kufukiza ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mwenye barakoa yake, kwenye ghala asilolala mtu, chini ya turubai lililobanwa pande zote.

Mwaka juzi muuza pembejeo mmoja alinifungia vidonge viwili kwenye kipande cha gazeti, kama anavyofungiwa mtoto pipi. Hakuna lebo, hakuna tarehe, hakuulizi una nyumba ya namna gani. Nilimrudishia palepale. Naomba kila anayesoma hapa afanye hivyo hivyo.

Kama kuna nyumba vimeshawekwa, tokeni nje wote na mwache milango wazi. Msivimwagie maji, kwa sababu maji huifanya gesi itoke kwa nguvu. Anayeumwa kichwa, anayetapika au kubanwa kifua apelekwe hospitali mara moja, na mseme wazi kwamba ni vidonge vya gesi. Maziwa hayasaidii, yanawapotezea muda tu.

Sasa mahindi yako. Yakaushe mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 13. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia kijiko cha chumvi kavu na mahindi yajae robo ya chupa, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani. Yakikauka, yatie kwenye mifuko ya PICS, ile ya kuta tatu ambayo wengine wanaiita kinga njaa. Kamua hewa, funga mfuko wa ndani, kisha wa pili, kisha wa nje. Wadudu waliomo watamaliza hewa yao wenyewe na kufa. Kinachoiharibu kazi hii ni kufungua kila jioni kuchota kibaba. Toa ya wiki mbili kwa mara moja, weka kwenye ndoo, funga tena.

Maharage yangu yametobolewa vitundu vya duara. Bado yanaliwa? (Mbeya)

Yaliyotoboka machache, chagua upike. Kwa yaliyobaki, jaza gunia nusu tu, kisha ligeuze na kulibingirisha asubuhi na jioni. Kibuu kidogo cha mdudu anayetoboa maharage huhitaji muda ametulia mahali pamoja ili atoboe punje aingie. Ukimhamisha kila mara hufa kabla hajaingia. Hutatumia hata shilingi.

Bibi alitumia majivu na mwarobaini. Kwa nini kwangu havifanyi kazi? (Tanga)

Majivu hufanya kazi, hukwangua na kukausha ngozi ya mdudu, ila yanatakiwa mengi na makavu, si kijiko. Majani ya mwarobaini hupunguza tu. Tena mdudu wa bibi si huyu wako. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati na kwetu alionekana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hula mahindi na makopa, yaani mihogo mikavu, mpaka yabaki vumbi.

Sisimizi kwenye sukari? (Morogoro)

Weka kopo ndani ya sahani yenye maji.

Mahindi yameota ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyasaga ugali utakuwa salama? (Kondoa)

Hapana. Nakushangaa wewe uliyeko Dodoma kuuliza, wakati mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu hukohuko na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa moto wa jiko. Usiwape kuku, sumu itawarudia kwenye mayai. Yafukie.

Panya wamenishinda, nimetandaza sumu stoo nzima. (Iringa)

Ikusanye yote leo. Panya hubeba vipande vya sumu na kuvificha kwenye chakula chenu. Ziba matundu kwanza, hata la unene wa kalamu, kwa stilwaya na saruji, tumia mitego, nyanyua magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Nafaka iliyolowa mkojo wao itupe, usiioshe. Homa ya mgunda iliyotokea Lindi mwaka 2022 huenezwa kwa mkojo wa wanyama, na panya ni mmoja wao.