Hafla ya hisani yenye muziki wa opera: usichanganye sahani na piano

Ndugu uliyeuliza kama mwongozaji wa okestra ambaye pia ni mpiga piano anaweza kuibeba hafla ya chakula cha jioni ya kuchangisha fedha bila okestra, nakujibu kwa niliyoyapitia, kwani nimekuwa katika kamati ya maandalizi ya hafla kama hiyo mara mbili, na mara ya kwanza tulikosea.

Uwezo wake usikutie shaka. Waongozaji wengi wa opera, akiwemo Georg Solti na Antonio Pappano, walianzia kwenye piano ya chumba cha mazoezi, wakiwapigia waimbaji kwa mikono miwili sehemu ya okestra nzima. Katika hafla yetu nilikaa karibu kiasi cha kumwona mgeni wetu, mwongozaji aliyekuwa akipiga piano, akimtazama mwimbaji wa soprano (sauti ya juu ya kike) mabegani, si usoni, na vidole vyake havikushuka mpaka mwimbaji alipokwisha kuvuta pumzi.

Kosa letu lilikuwa kupanga chakula na muziki viende pamoja ili kuokoa muda. Katikati ya wimbo wa taratibu wahudumu walianza kukusanya sahani, uma ukaanguka sakafuni, na meza ya nyuma ikaendelea na mazungumzo yake. Mpiga piano aliinua mikono, akaiweka magotini, akangoja. Niliumia sana kwa ajili ya yule mwimbaji, aliyebaki amesimama mbele ya watu waliokuwa wakitafuna. Mara ya pili tuligawa muziki katika vipindi vitatu visivyozidi dakika 20, kati ya mlo na mlo, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa na wahudumu wametulia ukutani. Na kabla ya kila wimbo mwongozaji alieleza kwa maneno machache ni mhusika gani anayeimba na kimempata nini, kwa sababu wengi wetu hatukujua Kiitaliano. Ukumbi ulikuwa uleule, lakini usikivu ulikuwa mwingine kabisa.

Piano kubwa ya tamasha ina urefu wa karibu mita 2.7 na uzito unaokaribia nusu tani, kwa hiyo pima milango mapema. Fundi wa kurekebisha sauti aje baada ya meza na taa kuwekwa, kwa kuwa nyuzi zake zaidi ya 200 huathiriwa na joto na unyevu, na akishamaliza, mtu yeyote asiisogeze.

Kuhusu michango, omba kabla ya kipindi cha mwisho cha muziki, wageni wakiwa bado wametulia, na utaje waziwazi fedha zinakwenda wapi. Mtunzi Händel alipoonyesha Messiah, utungo wake wa kwaya na okestra, kwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, tangazo lilitaja kabisa kuwa mapato ni ya wafungwa na hospitali mbili, tena wanawake wakaombwa wasivae sketi pana zilizotanuliwa kwa pete za ndani na wanaume wasije na panga, ili watu wengi zaidi waenee ukumbini. Wafungwa 142 wa madeni waliachiliwa kwa fedha hizo.

Jambo la mwisho ni malipo. Hata mwongozaji akijitolea kupiga bure, usidhani kwamba waimbaji na fundi wa piano nao wamejitolea. Muulize kila mmoja peke yake, na makubaliano yaandikwe kabla hujauza tiketi ya kwanza.