Kombe si pweza: msifungue eneo kwa kutazama kalenda

Mara ya kwanza tulipofunga kipande chetu cha pwani, huku Ghuba ya Menai, Unguja, watu wasiokote kombe (wale wa baharini wenye magamba mawili), tulifunga miezi mitatu. Kwa nini mitatu? Kwa sababu wavuvi wa pweza hufunga mitatu, na tulisikia wakifungua wanavuna vizuri. Tukasahau kwamba pweza haishi hata miaka miwili, na hunenepa upesi mno. Kombe kajikalia topeni anachuja maji, hana haraka. Siku ya kufungua tukashuka na ndoo, na bamvua moja, zile siku maji yanapokupwa sana, ikatosha kumaliza kila kitu. Wengi walikuwa wadogo hata nyama yake huioni sufuriani.

Kwa hiyo kabla hamjataja siku ya kufungua, shukeni mkahesabu. Sisi tuliunga mabomba ya maji tukapata fremu ya mita moja kwa mita moja. Maji yakipwa tunanyoosha kamba ya mita 50 kuelekea baharini, na kila mita 10 tunalaza fremu hapo hapo, pawe na kombe au pasiwe. Hapo ndipo tulipokosea mwanzoni: tulihesabu penye kombe wengi tu, tukajiona matajiri. Fremu 10 zikitoa kombe 30, mna 3 kwa kila mita ya mraba, na fremu tupu nazo zimo kwenye hesabu. Wapimeni urefu kwa rula, kisha rudini palepale kwenye bamvua nyingine mlinganishe.

Maeneo yaliyo wazi nayo yaandikiwe daftari: nani kashuka, kaokota saa ngapi, kapata kiasi gani. Ndoo iliyojaa haitoshi kuwapa moyo. Kama zamani ilijaa kwa saa moja na sasa inataka tatu, tena mbali zaidi, kombe wanakwisha.

(Kwenye kamati mtachekwa. Wenye vyombo vya kuvulia huona kombe ni kazi ya kina mama kupoteza mchana.)

Siku hizi tunafungua kwa masharti: ndoo moja kwa mtu, jiwe ulilolipindua ulirudishe, na kila mmoja ana pete iliyokatwa kwenye bomba, ya kupimia kombe. Kombe anayepita kwenye pete bado mdogo, anafukiwa alipotoka. Mara ya mwisho tulipohesabu, wengi walipita. Tukaahirisha kufungua, na wapo walionuna mpaka leo.